Sarafu ya Baisa Hamsini

Mchana wa Rusayl hauturuhusu.
Resini ingegandia ndooni kabla brashi haijalowa,
kama halwa aliyoachiwa mpishi mgeni.
Basi tunafanya kazi usiku,
nyuzijoto thelathini na nne,
na hiyo ndiyo tunayoiita baridi.

Mama huwaambia majirani wa Al Khoudh
kuwa bintiye anashona mabomba.
Hakosei sana.
Uzi wa kioo huingia beseni mkavu, mweupe, mkaidi,
hutoka umelowa, unang'aa, umekubali,
ukaizunguka kalibu kwa pembe ya hamsini na tano,
kwenda, kurudi, kwenda,
ukili juu ya ukili,
mpaka mkeka umekuwa bomba
la kuimeza bahari ya Qurayyat
na kuipeleka inakovuliwa chumvi.

Kioo peke yake hukatika.
Gundi peke yake hupasuka kama mkate wa juzi.
Kazi yetu sisi ni kuozesha,
na kila mshenga anajua
ndoa haivunjikii kwa bibi wala kwa bwana,
huvunjikia pale wanapogusana.

Bomba la kumi na nne lilipoiva
Shaji alilipangusa vumbi, akalipiga picha
amtumie mkewe Kollam.
Chombo cha mawimbi kikasema: zima.
Bwana Hamdun akasema: zima, na lori liko langoni.
Mimi nikatoa sarafu ya baisa hamsini
nikaanza kugonga.

Cheka ukitaka.
Bibi yangu Zaituni, sokoni Wete,
hakununua mtungi kwa macho.
Aliupiga kwa kifundo cha kidole, akauinamia,
muuzaji akimlaani kimoyomoyo.
Mzima huitika. Wenye ufa hunong'ona.

Ti. Ti. Ti.
Hatua moja, ti.
Hatua ya pili, ti.
Karibu na mdomo wa bomba, upande wa kibla,

tu.

Nikarudia. Tu.
Nikazungusha chaki: kiganja cha mtoto.
Usipoziba ufa, wanasema, utajenga ukuta;
hawakusema uzibeje
ufa ambao jicho halijauona.

"Kwa sarafu, Zuwena?" Hamdun alitazama saa,
akatazama lori, akatazama saa.
Nikaandika HALIFAI, nikatia sahihi,
na mkono haukutulia,
maana bomba hilo moja ni mshahara wa Shaji wa mwaka.

Tukalikata kwa msumeno wa almasi,
vumbi lile la kuwasha shingo wiki nzima.
Tabaka la kwanza, zima. La pili, zima.
Chini ya la tatu, doa la rangi ya maziwa,
ambapo uzi na gundi
walilala kitanda kimoja bila kusemezana.

Nayajua madoa. Hili la maji.
Tone moja, lenye chumvi,
kutoka paji la mtu aliyeinama.

Tangu utoto nimesifiwa jasho:
jasho hujenga, jasho ndiyo halali ya mja.
Hakuna aliyenidokeza
kwamba lipo jasho linaloingia kati ya wawili
likakaa hapo kimya, linangoja shinikizo.

Shaji alisimama mlangoni. Hakuuliza.
Alijipangusa uso kwa mkono wa shati,
kisha akautazama ule mkono.
Feni ya pale anaposimama
imekufa tangu Shaaban.

Kwenye fomu, penye neno Chanzo,
pana mstari mmoja tu, mfupi.
Hamdun alitaka jina.
Niliandika: feni.

Bomba la kumi na tano nilimpa Shaji sarafu.
Aliishika kwa ncha za vidole,
akagonga pole pole, kichwa ameinamisha,
kama mtu anayebisha hodi
kwa wakwe.